Chapa ya 1958: kisa cha Barbie wawili wa sanduku moja

Sanduku lilikuwa la shangazi yake. Ndani mlikuwa na wanasesere wawili, vinguo vilivyokunjwa kwenye mfuko wa plastiki, na kiatu kimoja cheusi kilichopotelewa na mwenzake. Mwenye sanduku alinitumia picha sita kwa simu na ujumbe mmoja: "Dada, huyu wa vazi la milia ameandikwa 1958 takoni, na huyu wa nywele ndefu ameandikwa 1966. Nimeambiwa wa 1958 ndiye Barbie wa kwanza kabisa. Ni kweli?"

Aliyemwambia hivyo ni mtu aliyejitolea kumtafutia mnunuzi kwa kamisheni. Alishamtajia na bei, na bei yenyewe ilikuwa imeshaanza kupangiwa matumizi.

Jibu langu lilikuwa hapana, mara mbili. Wa 1958 hakutengenezwa 1958, wala mwaka uliofuata. Wa 1966 ni mdogo kuliko anavyodaiwa kwa robo karne nzima. Hata hivyo hakuna chapa iliyodanganya. Tatizo ni kwamba watu huisoma kama cheti cha kuzaliwa, ilhali ni hati ya mali. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha hapa hatua kwa hatua, kwa sababu sijaona kosa linalorudiwa zaidi katika ukusanyaji wa Barbie kuliko hili, na ukilielewa unaielewa nusu ya historia yake.

Nikiri kwanza kosa langu mwenyewe. Kwa picha zile za mwanzo nilimjibu kwamba wa milia huenda ni wa 1960 au 1961. Vazi lilinivuta macho: lile vazi la kuogelea la milia myeusi na myeupe, lisilo na kamba mabegani, ambalo kila mtu amewahi kuliona hata kama hajui lilitoka wapi. Barbie wa kwanza alitoka kiwandani akiwa amelivaa, na waliomfuata waliendelea kulivaa hadi 1961. Lakini nguo huvuliwa. Mwanasesere wa mitindo ameumbwa kwa kazi hiyo hiyo, avuliwe na avalishwe, na katika sanduku lililochezewa na watoto kwa miaka mingi nguo huhama kutoka mwili hadi mwili kama kanga za ndugu wanaolala chumba kimoja. Nilipaswa kuliacha vazi liwe la mwisho kuhojiwa, nami nikaanza nalo.

Chapa nzima, si mwaka tu

Nilimwomba amvue, amlaze kifudifudi mezani, kisha aelekeze tochi kutoka ubavuni ili mwanga ukate maandishi kwa mshazari. Maandishi yaliyosimama kidogo juu ya vinaili, ile plastiki laini ya mwili wake, hayasomeki kwa mwanga wa usoni. Picha iliyofuata ilikuwa safi, na chapa ilikuwa na mistari sita:

Midge T.M.
© 1962
Barbie ®
© 1958
by
Mattel, Inc.

Yeye alikuwa ameona 1958 peke yake. Jicho la mtu mwenye matumaini huchagua.

Tuanze na huo mwaka 1958. Ile herufi C ndani ya duara ni alama ya hakimiliki, na mwaka unaoifuata ni mwaka ambao kampuni inasema umbo hilo la mwili, kama kazi ya sanaa ya kuchongwa, lilianza kuwa mali yake. Barbie mwenyewe alionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1959, katika maonyesho ya wanasesere na vifaa vya michezo ya watoto mjini New York, akauzwa kwa dola 3. Hakuna Barbie aliyewahi kununuliwa dukani mwaka 1958, hata mmoja. Anayetangaza "Barbie wa 1958" ama hajui, ama anategemea kwamba wewe hujui.

Isitoshe, Barbie wa 1959 hakuandikwa 1958 kwa tarakimu hizi. Aliandikwa kwa tarakimu za Kirumi, MCMLVIII, huku jina lake likifuatwa na T.M. na chini yake maneno Pats. Pend., yaani hataza, haki ya uvumbuzi, bado inangojewa. Mtu akikutumia picha ya tako lenye 1958 iliyoandikwa kama tunavyoandika sisi, huna haja ya kuuliza la pili.

Na huyu Midge ni nani? Ni rafiki wa Barbie, mwenye madoadoa usoni, aliyeingia sokoni mwaka 1963. Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, hawakumtengenezea mwili wake. Walichukua kalibu ya Barbie, wakabadilisha kichwa, wakaandika majina yote mawili kwenye kiwiliwili kimoja ili kiweze kubeba kichwa chochote kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo kila Barbie wa kipindi hicho ana jina la rafiki yake takoni. Mwili wenye jina la Midge hauwezi kuwa wa mwaka ambao Midge hakuwapo. Hapo swali la "Barbie wa kwanza" lilikuwa limefungwa, kabla hatujagusa macho wala nywele.

Kuna ushahidi mwingine mdogo zaidi, nao ndio ninaoupenda. Jina la Barbie lina ® wakati la Midge lina T.M. Alama ya kwanza hutumika jina likishasajiliwa rasmi kuwa alama ya biashara. Ya pili ni madai tu, kampuni ikisema "hili ni langu" kabla msajili hajakubali. Barbie wa mwanzo kabisa naye alikuwa na T.M. Ukiona ® ujue makaratasi yameshapita ofisini. Baadaye kidogo, kuelekea 1964, likaongezwa neno Patented, yaani hataza imeshatolewa, mahali ambapo zamani palikuwa na Pats. Pend. la kungojea. Wetu hana neno hilo, lakini kiwanda hakibadilishi kalibu zote kwa siku moja, kwa hiyo sikulipa uzito mkubwa.

Kwa nini tako moja libebe sheria zote hizo

Mattel walikuwa na sababu ya kuhangaika na hataza na hakimiliki, na sababu yenyewe ilikuwa na jina: Lilli.

Mwaka 1952 gazeti la Bild la Ujerumani lilianza kuchapisha katuni ya msichana wa mjini aitwaye Lilli, iliyochorwa na Reinhard Beuthien. Lilli alikuwa na ulimi mkali, alijipenda, na aliwapenda wanaume wenye pochi nzito. Akapendwa kiasi kwamba mwaka 1955 kampuni ya O. & M. Hausser ya Neustadt, karibu na Coburg, ikamtoa kama mwanasesere, umbo lake likiwa kazi ya Max Weissbrodt. Kulikuwa na wa sentimita 30 na mwingine wa 19. Alikuwa na kiuno chembamba, wanja mzito, nyusi zilizopinda juu, macho yanayotazama kando, na nywele zilizofungwa kisogoni. Wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wazima waliomnunua kwa mzaha, watoto wakafuata baadaye.

Mwaka 1956 Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa Mattel, alikuwa Uswisi na familia yake akamwona Lilli dirishani. Kwa muda mrefu alikuwa akimtazama bintiye Barbara akicheza na wanasesere wa karatasi na kuwapa maisha ya watu wazima. Wanasesere wengi madukani wakati huo walikuwa vichanga: mtoto anapewa mtoto, anafundishwa kuwa mama. Ruth alitaka mwanasesere ambaye mtoto anajiona ndani yake akiwa ameshakua. Alinunua Lilli, akarudi naye California, akamkabidhi mhandisi Jack Ryan. Charlotte Johnson akapewa kazi ya nguo, akaenda kuisimamia huko Japani, maana Barbie wa mwanzo na mavazi yake vilitengenezwa huko.

Je, Barbie ni nakala ya Lilli? Wapenzi wa Barbie huwa hawapendi swali hili, nami sioni haya kulijibu: kwa sura ya Barbie wa 1959, karibu ndiyo. Waweke bega kwa bega uone. Tofauti ziko kwenye ufundi. Lilli alikuwa wa plastiki ngumu, nywele zake zilikuwa kipande kimoja kilichobandikwa utosini, na viatu na hereni vilikuwa sehemu ya mwili, havivuki. Barbie alifanywa kwa vinaili laini, nywele zake zikashonwa kichwani uzi kwa uzi, miguu ikaachwa mitupu ili kiatu kivukike. Hii tofauti ya mwisho ukiitazama kwa haraka ni ndogo, lakini ndiyo biashara yote. Asiyeweza kuvua kiatu hanunuliwi kiatu kingine.

Kesi haikuchelewa. Louis Marx, mtengenezaji mkubwa wa vifaa vya michezo ya watoto huko Marekani, alikuwa amechukua leseni ya Lilli. Mwaka 1961 yeye na Wajerumani waliwashtaki Mattel, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kiungo cha nyonga, namna mguu unavyoungana na kiwiliwili. Mattel nao wakashtaki upande wao. Mwaka 1963 yakaisha nje ya hukumu, na mwaka 1964 Mattel wakainunua haki ya Lilli yenyewe kwa dola 21,600, Lilli akaacha kutengenezwa. Ukishajua hayo, maneno yaliyoandikwa hatua mbili tu kutoka kwenye nyonga hiyo yanaanza kuleta maana. Chapa ile haikumlenga mtoto wala mkusanyaji wa miaka sitini baadaye. Ilimlenga wakili wa mshindani.

Kichwa

Basi kiwiliwili ni cha 1962 au baada ya hapo. Lakini kichwa cha Barbie kinang'oka, na sanduku la shangazi lilikuwa limepitia mikono mingi. Kichwa nacho lazima kihojiwe peke yake. Mwenye sanduku alikuja naye mwenyewe safari hii, na bora alikuja, kwa sababu mambo mawili hayasemwi na picha: uzito na harufu.

Barbie wa 1959 ni mzito mkononi. Kiwiliwili chake hakina uwazi ndani. Nyayo zake zina matundu mawili yaliyovikwa vibomba vya shaba, ambamo huingia vijiti vya kisimamio. Nyusi zimekunjwa kama herufi V iliyopinduliwa. Macho yake hayana rangi: mboni nyeusi, na duara linaloizunguka ni jeupe tupu, jambo linalompa ubaridi fulani ambao watoto wa sasa wakiuona wanarudi nyuma. Na ngozi yake, ambayo ilitoka kiwandani na rangi ya mwili, imepauka hadi ikawa kama pembe ya ndovu, kwa sababu vinaili ile haikuweza kushika rangi.

Kutoka hapo mabadiliko yalikwenda haraka, na wakusanyaji huyahesabu kwa namba. Wa pili ni yule yule bila matundu miguuni. Wa tatu, 1960, alipewa macho ya buluu na nyusi za mviringo. Wa tatu ana jambo la ajabu: baadhi yao wana harufu ya kalamu za nta za watoto, na kuna watu humnusa mwanasesere kabla ya kumtazama. Wa nne ndiye wa kwanza ambaye vinaili yake ilishika rangi. Wa tano, 1961, akawa na kiwiliwili chenye uwazi ndani, mwepesi, na akaja pia na nywele nyekundu pamoja na zile za dhahabu na za kahawia za mwanzo. Mwaka huo huo ukaja mtindo wa nywele fupi zilizotutumka, Bubblecut, na Ken akaingia.

Wetu alikuwa mwepesi, macho ya buluu, nyayo nzima. Harufu ilikuwa ya sanduku tu. Lakini kilichomaliza mjadala ni paji la uso. Barbie wote wa nywele za kufungwa kisogoni hadi kufikia 1963 wana kishungi cha vinywele vilivyojikunja mbele, juu ya nyusi. Huyu hakuwa nacho. Nywele zake za mbele zilitoka upande mmoja wa paji, zikapita kama wimbi hadi upande wa pili, zikaungana na fungu la nyuma. Huo ni mtindo wa Swirl, wa mwaka 1964. Na fungu la nyuma lilikuwa bado limefungwa kwa utepe mwembamba wa njano, wa tangu kiwandani. Nilinyamaza kidogo. Kumpata Swirl ambaye nywele zake hazijawahi kufunguliwa si jambo la kila siku, maana wimbi lile likishavurugwa halirudi. Ama shangazi hakucheza naye sana, ama alicheza naye kwa adabu kubwa.

Kichwa na kiwiliwili ni vya pamoja? Nilitazama shingo. Rangi ya pande mbili ililingana, na pale vinapokutana palikuwa na mstari mwembamba wa vumbi uliokwisha kukauka na kushikamana, mzima pande zote. Kichwa kilichong'olewa na kurudishwa hukata mstari huo. Kwa maoni yangu havijawahi kutenganishwa, ingawa siwezi kuapa.

Likabaki vazi. Swirl alitoka kiwandani na vazi jekundu la kuogelea, si la milia. Kwa hiyo vazi la milia, ambalo lilikuwa limempotosha kila mtu kuhusu mwaka, nikiwemo mimi, ni la mwanasesere mwingine. Linaweza kuwa la Barbie wa kabla ya 1962 ambaye hayumo tena sandukuni. Linaweza pia kuwa la toleo la kumbukumbu: mwaka 1994, Barbie alipotimiza miaka 35, Mattel walitoa upya yule wa 1959 pamoja na milia yake, na tangu hapo mavazi ya aina hiyo yamezagaa. Nililichunguza mshono kwa mshono na sikumpa jibu la uhakika. Nilimwambia aliweke kando kwenye mfuko wake, asimvishe tena kwa ajili ya picha.

Yule wa 1966

Wa pili hakuhitaji hata dakika tano. Nywele zake zilifika vidoleni mwa miguu.

Huyu ni Totally Hair, wa 1992, Barbie aliyeuzwa kuliko Barbie wote, zaidi ya milioni 10. Kigauni kifupi cha rangi zinazogombana kilikuwa bado mwilini. Lakini mwenye sanduku aliyatazama maandishi mgongoni, 1966, akanitazama mimi, na nilijua anayaamini maandishi kuliko mimi. Ana haki. Nami nisingeamini.

Mwaka 1967 Mattel walimpa Barbie mwili mpya, Twist 'N Turn, wenye kiuno kinachozunguka na magoti yanayokunjika. Uso ukalainishwa, ukawa wa kisichana zaidi, na kope zikapandikizwa kweli kweli badala ya kupakwa rangi. Aliyepeleka Barbie wake wa zamani dukani alipata mpya kwa dola 1 na senti 50, na ndiyo maana Barbie wengi wa miaka ya mwanzo hawapo leo: watoto waliwabadilisha kwa furaha. Mwili huo mpya uliandikwa 1966. Halafu ukakaa. Uliguswa hapa na pale, magoti, mikono, lakini mwaka wa hakimiliki ukabaki ule ule, muongo baada ya muongo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990.

Kilichokuwa kikibadilika ni kichwa. Mwaka 1971 Barbie wa Malibu aliacha kutazama kando, kwa mara ya kwanza macho yake yakaelekea mbele kama ya mtu anayekutazama usoni. Mwaka 1977 ukaja uso wa Superstar, wenye tabasamu pana na meno, na kalibu yake imeandikwa 1976 nyuma ya kichwa. Uso huo nao ulidumu karibu miaka ishirini. Ndiyo maana Totally Hair wa 1992 ana 1966 mgongoni na 1976 kisogoni, na hakuna hata mmoja kati ya miaka hiyo miwili unaomhusu.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa 1980. Mwaka huo ndipo mwanasesere mweusi alipoitwa Barbie kwa mara ya kwanza. Kabla yake kulikuwa na Francie wa rangi ya kahawia mwaka 1967, na Christie mwaka 1968, lakini hao walikuwa binamu na rafiki. Jina lenyewe lilibaki la mweupe. Huyu wa 1980, kazi ya mbunifu Kitty Black Perkins, alivaa gauni jekundu, nywele fupi za kujiachia, akawa Barbie kamili. Ukimgeuza, mgongo wake umeandikwa 1966, na uso wake ni kalibu ya mwanasesere mwingine, Steffie, wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu asiyejua akisoma chapa ataondoka akiamini kwamba watoto weusi walikuwa na Barbie wao tangu 1966. Hapo kosa la kusoma tarehe linageuka kuwa kosa la kusoma historia.

Ni kwa nini kampuni ing'ang'anie mwili mmoja kwa miongo mitatu? Kalibu za chuma ni ghali, hilo mojawapo. Lakini sababu kubwa ni kabati la nguo. Mwili usipobadilika, gauni la mwaka huu linamwingia mwanasesere wa mwaka juzi, na mama haoni ametupa fedha. Mattel waliugusa mwili mwishoni mwa miaka ya 1990, wakapanua kiuno na kupunguza kifua, na mwaka 2016 wakafanya lililokuwa gumu zaidi: wakatoa miili mitatu mipya kwa pamoja, mnene kiasi, mrefu na mfupi. Magazeti yaliandika kuhusu urembo na heshima ya wasichana, na ni sawa. Wakusanyaji waliuliza viatu vya nani vitamwingia nani.

Tukirudi kwa huyu wa nywele ndefu: kinachosema ukweli zaidi mgongoni mwake ni jina la nchi. Wetu ameandikwa Malaysia. Uzalishaji ulianzia Japani, ukatoka huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukapita Hong Kong, Korea na Taiwan, kisha ukahamia Malaysia, China na Indonesia, ukifuata mishahara midogo. Mwenye 1966 na Japani ni jambo moja. Mwenye 1966 na Malaysia ni jambo jingine kabisa, na anayeuza wa pili kwa bei ya wa kwanza anategemea usisome mstari wa chini.

Swali la bei

Lilikuja, kama nilivyotarajia. Sikumtajia bei, na simtajii mtu. Nilimweleza tu kwamba umri si bei. Barbie aliyepata bei kubwa kuliko wote mnadani ni wa 2010, aliyevishwa vito na sonara Stefano Canturi wa Australia: aliuzwa kwa dola 302,500 katika mnada wa Christie's, fedha zikaenda kwenye utafiti wa saratani ya matiti. Upande wa pili, wapo Barbie wa sikukuu, toleo lililoanza 1988, ambao maelfu ya watu waliwanunua miaka ya 1990 na kuwafungia kabatini ndani ya boksi wakitarajia utajiri. Wote walihifadhi, kwa hiyo wote wapo, kwa hiyo hawana uhaba. Barbie wa 1959 ana thamani kwa sababu alichezewa hadi akaharibika, karibu kila mahali.

Swirl wetu ana faida ya utepe wake, na ana kasoro moja ambayo picha zile sita ziliificha kwa makusudi au kwa bahati. Sikio la kushoto lina doa la kijani. Hereni za miaka ile zilikuwa na shina la chuma chenye shaba, shaba ikaliwa na kutu ndani ya vinaili, na rangi ya kijani ikasambaa kuelekea shavuni. Alikuwa ameshasoma mahali kwamba krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi huliondoa. Huliondoa kweli. Pia huendelea kufanya kazi ukishalala, na nimeona masikio yaliyobaki meupe kama chaki kwenye kichwa cha rangi ya mwili. Tulikubaliana atoe hereni, kwa maji ya uvuguvugu ili vinaili ilegee, na asiguse doa.

Mwishoni niliandika kadi mbili, moja kwa kila mwanasesere. Ya pili ilikuwa mstari mmoja. Ya kwanza ilisomeka hivi:

Barbie, Swirl, takriban 1964. Kiwiliwili chepesi chenye chapa ya Midge 1962 na Barbie 1958, bila neno Patented. Kichwa kinaonekana ni cha mwili huu. Nywele hazijafunguliwa, utepe wa njano upo. Doa la kijani sikio la kushoto, halijatibiwa. Vazi la milia lililokutwa naye si lake, limewekwa peke yake. Kiatu kimoja cheusi, mwenye nacho hajulikani.

Yule wa kamisheni aliposomewa kadi hiyo kwa simu, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hatuwezi kuliacha nje lile neno Midge.